Chuo cha Tatu

Shangazi Batuli alinipokea kwa kicheko, kwenye daka:
"Shahada moya, vyuo viwili?
Ni kama mume mmoya, nyumba mbili.
Na yeo zamu ya nani?"

Nikamwambia: mwaka wa kwanza mji wa theluji,
mwaka wa pili mji wa mvua,
katikati likizo, na likizo ni ya Amu.
Akaniwekea mkate wa mofa na samli. Akaanza: mshika mawili...
Hakumaliza. Methali akaiacha mlangoni kama kiatu
niikanyage mwenyewe nikitoka.

Historia ya kimataifa na ya dunia:
ndivyo cheti kitakavyosema, chini ya mihuri miwili.
Muhula mzima nimesoma mikataba,
wanaume waliochora mipaka kwa rula baada ya chakula cha mchana,
bei ya pamba, bei ya fedha, bei ya watu.
Kwenye ramani ya darasani
Amu imeangukia kwenye mkunjo wa karatasi.
Nilipoinyoosha kwa kidole gumba
mwalimu alidhani nafuta vumbi.

Tasnifu yangu ilikuwa na kila kitu, ila mtu.

Sasa Langoni, alasiri. Nje punda wa saruji amegoma.
Shangazi afungua kasha, na chini ya nguo za arusi
atoa chuo.
Kwetu chuo ni kitabu
kabla hakijawa jengo lenye lifti.
Hiki ni cha duka la babake, Famau wa vitambaa:
herufi za Kiarabu, Kiswahili kitupu,
pembe zimeliwa na mchwa.

Nasoma kwa kusitasita, kama mtoto wa madrasa:
Merikani, wari sita. Mwana Saumu.
Shilingi tatu na thumni. Deni.

Jina la Amerika, kazi ya viwanda vya Japani,
mkononi mwa mwanamke wa Langoni.
Mwaka ambao benki za ng'ambo zilikuwa zikifunga milango
(nimeufanyia mtihani mwaka huo, nikapata alama nzuri)
Famau aliandika maneno mawili:
Nguo hazikuya.
Na chini yake, miezi minne, hakuna kitu.
Karatasi hiyo tupu nimeipiga picha mara kumi na moja.

"Picha za nini?"
Nikaeleza. Akaushika mkono wangu wenye simu.
"Mwana Saumu usimwandike.
Wayukuu wake ndio mlango ule wa tatu.
Kijana wao ndiye aliyekubebea sanduku."

Usiku nikawauliza wasimamizi wangu wawili,
nyuso mbili ndogo kwenye kioo kimoja.
Wa theluji: ushahidi hauguswi.
Wa mvua: badilisha jina, weka tanbihi.
Wote wana haki. Wote wako mbali na mlango wa tatu.

Jumanne Shangazi akavaa buibui, chuo kwapani,
akaenda kubisha. Nikamfuata na kalamu.
Kahawa ya tangawizi, watu sita, televisheni ikazimwa.
Akawasomea deni lote, hadi thumni.
"Limesamehewa," akasema, akafunga.

Bibi mmoja kwenye kona, mjukuu wa marehemu,
alikuwa akihesabu kitu kwa vidole.
"Wari sita? Hiyo ilikuwa sanda ya mumewe.
Alitwambia alilipa."

Shangazi akakifungua chuo tena,
akautazama ule mstari
kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuutazama mimi.
Hakuna aliyegusa kahawa.
Kisha bibi akanigeukia: "Mwandike.
Lakini andika na hilo."

Tanbihi ya arobaini na moja:
Kitabu chasema deni. Mlango wa tatu wasema alilipa.
Limesamehewa, kama lilikuwapo.

Msimamizi wa mvua amerudisha sura, na wino mwekundu pembeni:
Ukurasa wa ngapi?